Nani Anaweza Kulisimamisha? Shajara ya Tamasha la Kijiji Chetu, 2024

Jumamosi, 13 Januari

Nimefungua daftari la tatu. La kwanza lilijaa mwaka 2022, tamasha letu lilipoanza. La pili limebaki nusu tupu, na tamasha lenyewe la mwaka jana lilikuwa hivyo hivyo. Mimi ni katibu wa kamati. Kijiji chetu kiko upande wa Shinyalu, Kakamega, magharibi mwa Kenya, mwendo mfupi wa boda boda kutoka Khayega. Naandika kila hatua ili mwingine anayetaka kuanzisha jambo kama hili kwao aione njia tuliyopita, pamoja na mashimo yake.

Mwaka 2022 tulipata mfadhili kutoka Nairobi. Lori lilileta jukwaa la vyuma, spika ndefu kuliko mlango, na fulana zenye nembo yake. Watu walijaa, tukaamini tumefika. Mwaka 2023 mfadhili alihamia mradi mwingine, na habari tulizipata wiki tano kabla ya siku. Tuliendelea hivyo hivyo, kwa kukopa. Jua lilipotua tulikuwa tunadaiwa na mwenye hema, mwenye jenereta, na akina mama sita waliopika.

Leo tulikaa wajumbe tisa. Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuuliza tamasha la mwaka huu liwe lini. Mama mmoja kati ya wale wapishi, ambaye si mjumbe, alikuwa amesimama mlangoni. Akasalimu kwa Kiluhya, akasema, "Mulembe. Kabla ya hiyo tarehe, sufuria yangu iko wapi?"

Sufuria yake kubwa tuliiazima Agosti. Ilirudi imetoboka kitako, na hakuna aliyemwambia hata pole. Mimi ndiye niliyeiandika daftarini siku ilipochukuliwa, kwa hiyo najua: siku iliporudi sikuandika kitu.

Tumekubaliana hakuna tarehe mpaka madeni yaishe.

Jumamosi, 10 Februari

Madeni yameisha. Kila mjumbe alitoa alichoweza, chama cha akina mama kikatukopesha sehemu, na mwenye jenereta akatupunguzia kwa hiari yake. Wapishi walilipwa kwanza, halafu mwenye hema, halafu jenereta. Wawili katika kamati walitaka mwenye hema atangulie kwa sababu ndiye aliyekuwa akitutisha. Nilisimama upande wa wapishi na sijutii. Mtu anayekutisha ana njia zake za kudai. Mama aliyeamka saa tisa usiku kuwasha moto ana huo mdomo wake tu, na akishanyamaza, mwaka ujao hutamwona.

Sufuria mpya imenunuliwa. Nilimpelekea mwenyewe.

Baada ya baraza la naibu wa chifu tuliomba dakika 20, tukasoma hesabu za mwaka 2023 mstari kwa mstari mbele ya watu wote. Ilikuwa mara ya kwanza. Mzee mmoja akauliza, "Na ule mwaka wa kwanza, mfadhili alileta shilingi ngapi?" Nikajibu kweli: hatukuwahi kujua. Jukwaa alilikodi yeye, wasanii wa kutoka mjini aliwalipa yeye, na vitabu vyake vilirudi naye Nairobi. Watu waligeukiana. Mzee akasema, "Basi lile halikuwa letu. Tulialikwa."

Neno hilo nimekwenda nalo nyumbani.

Jumamosi, 2 Machi

Wiki tatu nimekuwa nikisoma na kuuliza watu kuhusu matamasha ya wenzetu, hasa yale yaliyodumu na yale yaliyoyumba. Naandika machache.

Sauti za Busara, Zanzibar, lilianza mwaka 2004 na linajulikana dunia nzima. Hata hivyo mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, likarudi 2017. Waandaaji wake ni hodari, kwa hiyo sisemi hili kwa kuwashusha. Nasema tu kwamba tamasha kubwa kiasi hicho lina gharama ambazo Mji Mkongwe peke yake hauwezi kuzibeba, na mwenye fedha akichelewa, Februari inapita kimya.

Bagamoyo, tamasha la sanaa na utamaduni limekuwako tangu 1982. Pale kuna chuo cha sanaa, ambacho siku hizi kinaitwa TaSUBa. Wanafunzi wapo kila mwaka na walimu wapo kila mwaka. Hata msimu ukiwa mkavu, watu wa kupiga ngoma wako pale pale uani.

Halafu Maulidi ya Lamu. Habib Swaleh aliyaasisi zaidi ya miaka 100 iliyopita, na bado watu huja kutoka pwani nzima, wanalala majumbani mwa wenyeji, wanakula kwa wenyeji. Yale ni ibada, na sisi letu ni tamasha tu, lakini nimejiuliza: nani angeweza kuyasimamisha Maulidi? Hakuna mtu wa ofisini. Wangeyasimamisha Waamu wenyewe, siku wakiamua kutofungua milango.

Swali hilo nimeanza kulipima kila mahali: nani anaweza kulisimamisha? Huko Wales wana Eisteddfod ya taifa, tamasha linalofanywa kwa lugha yao. Kila mwaka huhamia sehemu nyingine ya nchi, mwaka kaskazini, mwaka kusini. Eneo linalopokea huunda kamati zake na kuchangisha fedha zake muda mrefu kabla, na tangazo rasmi hutolewa angalau mwaka mmoja na siku moja mapema. Mwaka mzima na siku moja! Sisi mwaka 2022 tulitangaziwa kwa wiki sita.

Swali langu halijibu kila kitu. Tamasha la jangwani kule Mali lilianza 2001, Watuareg wakilifanya kwenye mchanga wao, na vita vya 2012 vikalikata. Mwenye bunduki haombi ruhusa kwa mtu.

Jumamosi, 16 Machi

Leo nimefundishwa.

Uwanja tuliotumia miaka miwili ni shamba la mjane mmoja, tunamwita kukhu, yaani bibi, wote kijijini. Mwaka 2022 ruhusa aliombwa mwanawe aliye Nairobi, kwa simu. Leo mimi na mwenyekiti tulikwenda kwake wenyewe. Tulimkuta anapanda maharagwe. Alitujibu salamu akiwa ameinama, akaendelea mpaka mwisho wa mstari, ndipo akasimama na kutuonyesha kwa mpini wa jembe.

Mitaro miwili inatoka langoni mpaka katikati ya shamba, imekwenda sambamba, upana wa matairi ya lori. Ardhi mle imegandamana ikawa kama tofali. Mvua ikinyesha maji yanasimama, mbegu inaoza. Alichimbua kwa kidole mbegu ya msimu uliopita, nyeusi, akaiweka kwenye kiganja changu.

"Mlimwomba mtoto," alisema. "Shamba ni la nani?"

Mwenyekiti akaanza kueleza umuhimu wa utamaduni. Nilimgusa mkono. Kukhu akasema, "Mwaka huu hapana," akarudi kwenye mstari wake.

Njiani mwenyekiti alikasirika. Mimi sikuweza kukasirika. Nilikuwa na ile mbegu mfukoni, na nilikuwa nafikiri kwamba katika miaka miwili hii ndiyo hapana ya kwanza tuliyowahi kuambiwa na mtu wa hapa. Mwaka 2022 hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuisema.

Jumatano, 20 Machi

Vijana wanane walikwenda na majembe na kuivunja ile mitaro, wakachanganya samadi. Tulimweleza kukhu mapema kwamba hatuji kubembeleza uwanja. Ni deni. Tumeliandika kwenye hesabu kama madeni mengine.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua kubwa nchi nzima, watu wamepoteza nyumba na maisha sehemu nyingi. Mikutano tumeisimamisha. Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu, zimesogezwa. Mazoezi ya watoto yangoje.

Jumamosi, 18 Mei

Shule zimefunguliwa Jumatatu iliyopita, na leo nimeshinda kwa fundi wa ngoma tangu asubuhi.

Sababu ya kwenda ni hii: mwaka jana seti yetu ya isukuti ilikuwa ya kuazima. Isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Mwaka huu yatimia miaka 10 tangu UNESCO iiandike isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, Novemba 2014. Sababu walizoandika kule tunazijua hapa kwa majina ya watu: wapigaji wamezeeka, warithi ni wachache, vifaa vya kutengenezea ngoma ni shida. Kijiji kinachojiita cha isukuti na hakina ngoma zake kina kazi ya kufanya kabla ya kuita wageni.

Fundi alikuwa na gogo lililokwisha kukauka. Hataki la kukata leo, kwa sababu mti mbichi hupasuka ukiwa tayari ngoma. Alilitoboa kutoka ncha zote mbili kwa tezo na patasi, akiligeuza kila mara na kulipiga kwa kifundo cha kidole. Nilimuuliza anasikiliza nini. "Unene," akasema. Akaniwekea mkono juu ya gogo, akapiga. Upande mmoja ulitetemeka chini ya kiganja, wa pili ulikuwa kimya. Aliurudia ule wa kimya kwa patasi, maganda membamba kama ya kitunguu, mpaka pande zote zikatetemeka sawa.

Ngozi zamani ilikuwa ya kenge. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, naye hutumia ya mbuzi au ya ndama. Huilowesha, huivuta juu ya mdomo wa ngoma, huikaza kwa vijiti vilivyochongwa, kisha huiacha juani ikauke polepole. Sauti, anasema, si ile ya babu yake, ila si mbaya.

Nilimwomba awafundishe vijana wanne kabla ya tamasha. Akakataa. Nilidhani anataka pesa zaidi. Alisema, "Mnaniletea vijana wa tamasha. Wakishapiga picha wataondoka. Niletee wa kuja siku ninayofanya kazi mimi, sio siku ya kamati." Hiyo ni hapana ya pili mwaka huu, na yenye haki kama ya kwanza. Tumekubaliana Jumanne na Alhamisi jioni. Kamati italipia ngoma tatu, ziwe mali ya kijiji, zikae kwa mama wa sufuria, kwa sababu jiko lake lina moshi na wadudu hawaingii.

Nilipokuwa nikiondoka alizungumzia mapigano ya fahali ya Khayega. Alfajiri ya Jumamosi fahali anasindikizwa kwa isukuti kuelekea uwanjani, watu wanakimbia nyuma yake kwenye umande. "Umewahi kuona pale jukwaa?" aliniuliza. Sijawahi. Mwenye fahali asipotaka, hamleti, na siku hiyo haiko. Lakini hukosi fahali.

Jumamosi, 22 Juni

Vijana wanne wamebaki watatu. Mmoja kati ya hao ni msichana, na hapo palikuwa na maneno, kwa kuwa kwa desturi ngoma hupigwa na wanaume. Fundi alisema kuchonga si kupiga, akampa patasi. Nimeliacha hapo, walio karibu na jambo ndio walimalize.

Kikao cha leo kilikuwa cha tarehe. Wengi walitaka Agosti kama awali. Nilimpigia simu mpiga litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu, wa Bungoma aliyetuchangamsha mwaka jana. Alicheka. "Mwalimu, umesahau mwaka ni shufwa? Agosti hii hapa kwetu hakuna mtu wa kutoka." Ni kweli, kwa Wabukusu tohara huwa Agosti ya mwaka shufwa, na mpaka ndugu na jamaa wote wahudhurie, mpiga litungu hana ruhusa ya kuwa kwingine. Mwaka 2022, tamasha letu la kwanza, lilikuwa Agosti ya mwaka shufwa vilevile. Mfadhili alichagua tarehe kwa kalenda ya ofisi. Ndiyo maana litungu lile la kwanza lilipigwa kutoka kwenye simu, kupitia zile spika.

Kwa hiyo Desemba. Lakini Desemba gani? Tarehe 26 Maragoli wanalo tamasha lao pale Mbale, na hatutaki kugombania watu na majirani. Karibu na Krismasi harusi ni nyingi. Vijana walitaka tarehe 21 ili walio Nairobi na Nakuru wawe wamefika. Wapishi walitaka tarehe 14, kabla nyumba hazijajaa wageni wa kulishwa. Tulibishana saa mbili. Mimi nilipiga kura ya 14. Tamasha likipangwa kwa ajili ya wanaorudi, wanaobaki hapa miezi 11 wanakuwa wahudumu wa sherehe ya wengine. 14 ikapita kwa kura moja.

Jumamosi, 20 Julai

Nchi iko kwenye maandamano wiki hizi, hatukutani jioni. Nimetumia muda kusoma.

Huko Japani, kwenye milima ya Niigata, kuna tamasha la sanaa la Echigo-Tsumari, lililoanza mwaka 2000. Hufanywa kila baada ya miaka mitatu hivi, limeenea vijiji vingi katika eneo la kilomita za mraba 760 hivi, na toleo la tisa limefunguliwa mwezi huu. Vijiji vile vinazeeka. Vijana wamehamia mijini, shule zimefungwa, nyumba zimebaki bila watu. Wasanii huziingia nyumba na shule hizo wakazifanya kazi za sanaa, nyingine zikabaki pale pale mwaka baada ya mwaka katikati ya mashamba ya mpunga ya ngazi.

Kilichonishika ni mwanzo wake. Mwelekezi wake, Fram Kitagawa, alipofika na wazo hilo wakulima na viongozi wengi walilikataa. Miaka kadhaa ya mikutano ilipita kabla ya siku ya kwanza. Vijiji vilivyokataa havikulazimishwa. Vijana wa kujitolea kutoka mijini walikwenda kwa watu mlango kwa mlango, wakafukuzwa, wakarudi, wakasaidia kazi za shamba. Toleo la kwanza lilianza na vijiji vichache vilivyokubali. Vingine vikaja kuomba vyenyewe baadaye, baada ya kuona kwa jirani.

Niliusomea ukurasa huo mwenyekiti wetu kwenye simu. Alinyamaza kidogo, akauliza kama ile mitaro ya kukhu imepona.

Imepona. Nilipita jana, maharagwe yamekwisha kuvunwa.

Jumamosi, 31 Agosti

Kampuni moja ya biashara imetuma ujumbe. Inataka kutoa fedha nyingi, zaidi ya bajeti yetu yote. Masharti: jina lake litangulie jina la tamasha, mshereheshaji wake ndiye aongoze, wasanii wake wawili wa mjini wafunge siku usiku, na isukuti ipewe dakika 15.

Mwaka 2022 tungesaini siku hiyo hiyo. Leo barua ilisomwa kwa sauti mbele ya wajumbe, wapishi, fundi na vijana wake. Ilijadiliwa kwa heshima, kwa sababu fedha ni fedha na watu wana watoto wa kusomesha. Aliyemaliza mjadala ni kijana mdogo zaidi wa fundi. Alisema ngoma kubwa peke yake inahitaji dakika 10 za moto wa majani ili ngozi ikaze, na mtu asiyejua hilo hawezi kujua dakika 15 ni nini.

Tuliwaandikia tukiwashukuru. Tuliomba hema mbili na maji ya kunywa, bango lao likae getini. Mpaka sasa hawajajibu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Bajeti imepita. Makubwa tuliyoyakata ni matatu, na kila moja liliuma mtu. Hakuna jukwaa. Hakuna jenereta. Hakuna usiku: tunaanza asubuhi, tunamaliza saa 12 jioni. Isukuti haijawahi kuhitaji jukwaa. Watu husimama duara, safu ya wanaume na safu ya wanawake, mwimbishaji anatangulia, na aliyeguswa anaingia. Ukiwapandisha wachezaji juu ya vyuma, wengine wote wanageuka kuwa watazamaji. Tutakodi kipaza sauti kimoja kidogo kwa ajili ya litungu na orutu, zeze la Wajaluo, kwa kuwa nyuzi hizo zina sauti ndogo na uwanja ni mpana.

Michango inakuja kwa vitu. Gorogoro za mahindi, maharagwe, mizigo ya kuni, kuku kumi na wanane mpaka leo. Kila kitu kinaandikwa kwa jina na kwa sahihi, sufuria zikiwemo, na pengo la kuandika siku ya kurudi. Wafinyanzi wa Ilesi watauza vyungu vyao bila kulipia nafasi.

Na hili nimelihifadhi la mwisho: kukhu aliniita. Msimu wa mvua za vuli amepanda upande wa juu tu, wa chini ameuacha. Akasema tuutumie. Masharti yake ni haya: gari lisivuke lango, vyoo visiwe upande wa chemchemi, na kila mwaka, mwezi wa tatu, kabla hajashika jembe, aje mtu aombe. "Nikikataa, msinune," akasema.

Nimeyaandika kwenye karatasi, naye ameweka kidole gumba.

Jumapili, 8 Desemba

Mzee aliyekuwa akipuliza pembe amefariki jana usiku. Alikuwa amesimama pamoja nasi tangu 2022, na kabla ya hapo alipuliza pembe ile kwenye harusi za wazazi wetu.

Mazishi ni Jumamosi, tarehe 14.

Kamati ilikutana uani kwa marehemu, kwa kuwa wote walikuwa pale. Mwenye kipaza sauti alikuwa amelipwa arubuni, watu wa Kisumu wamekwisha kukata nauli, barua ya polisi imepelekwa. Nilianza kutafuta namna ya kuvipatanisha vyote viwili. Mama wa sufuria alinitazama tu. Hakuna aliyepiga kura. Tamasha limesogezwa hadi tarehe 21.

Jumatatu, 9 Desemba

Simu tangu asubuhi. Wapiga orutu wanaweza. Wa litungu anaweza, na alitoa rambirambi kwa Kibukusu kwa muda mrefu, nikamsikiliza mpaka mwisho. Mwenye kipaza sauti alikuwa na kazi nyingine tarehe 21. Tumepoteza nusu ya arubuni na kupata mwingine Kakamega mjini. Kwa mkuu wa kituo cha polisi tumepeleka taarifa mpya. Sheria inataka ifike si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla, kwa hiyo tumo.

Jumamosi, 14 Desemba

Tumemzika. Ngoma tatu mpya zilipigwa kwa mara ya kwanza mbele ya watu kaburini kwake. Hatukuwa tumepanga hivyo.

Jumamosi, 21 Desemba

Naandika usiku, miguu imevimba.

Asubuhi watoto walianza na michezo ya kuimba, wakiwa wengi kuliko tulivyoandika. Walio Nairobi walikuwa wamefika, kwa hiyo waliotaka tarehe hii waliipata, ingawa si kwa njia ambayo mtu angeitaka. Litungu lilipigwa saa tano chini ya mti, na wazee wa hapa ambao hawasikii Kibukusu vizuri walikuwa wakitikisa mabega. Orutu ya Wajaluo ilifuata, uzi mmoja tu, na ukauzunguka uwanja wote. Mvua ilitishia saa nane ikapita kando.

Isukuti iliingia saa tisa. Vijana walikuwa wamekoka moto wa majani makavu nyuma ya ua, wakizigeuza ngoma kama mtu anayechoma mahindi, wakipiga kidogo, wakisikiliza, wakizirudisha. Msichana wa fundi ndiye aliyekuwa akiamua ipi iko tayari. Ngoma kubwa ikakaa kwapani kwa mpigaji, ndogo ikatangulia, na safu mbili zikaingia.

Walipofika mahali ambapo pembe huingia, ngoma zilinyamaza. Mapigo manne. Pembe yenyewe ilikuwa juu ya kiti cha mzee, mbele. Kisha ngoma kubwa ikarudi, na watu wote wakarudi nayo, wakiwemo waliokuwa wamekaa kwenye mikeka. Nilimwona mjane wake kwenye safu ya wanawake.

Saa 12 kasoro kidogo tulifunga. Vyungu vya Ilesi vilikuwa vimeisha. Hakuna gari lililovuka lango.

Jumatatu, 23 Desemba

Hesabu zimesomwa leo chini ya mti ule ule. Tumepungukiwa kidogo, kwa sababu ya arubuni. Chama cha akina mama kimesema kitasubiri mpaka Februari. Wapishi wamelipwa wote, jana kabla ya kanisa. Sufuria 11 ziliazimwa, 11 zimerudi, na kwenye lile pengo la daftari kuna sahihi 11.

Walioko Nairobi waliuliza kwa nini tusirudishe jukwaa, wao wako tayari kuchanga. Kamati haikujibu. Imewaambia waje Februari kwenye kikao, kwa miguu yao, waseme mbele ya wapishi.

Wajukuu wa mzee wawili wanagombania pembe. Fundi ameichukua na kusema atampa yule atakayekuja Jumanne.

Jioni nilipita kwa kukhu na mwenyekiti, tukalizunguka shamba pamoja naye. Alikanyaga hapa na pale kwa kisigino. Mahali pa duara majani yamelala, ila udongo chini yake ni laini. Karibu na lango alikuta kifuniko cha chupa, akakiokota akampa mwenyekiti, naye akakitia mfukoni. Hakusema vizuri wala vibaya. Alisema mvua za Machi zikiwahi atapanda mapema.

Nimeandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la nne: wiki ya kwanza ya Machi, kwenda kwa kukhu, kuomba.